Bi Mwalimu na Siri ya Alhamisi

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi nimekwenda huko na huko kwa muda wa miaka mingi, nikiandika habari za watu wakubwa na wadogo, na leo nimerejea ngamani, kwenye mkeka wa ukindu niliokalia nikiwa mtoto, mbele ya bibi mmoja aliyenifunza kusoma. Ndugu msomaji, niwie radhi nikizungumza habari zangu. Sizungumzi kwa kujisifu, kwani katika kisa hiki sina la kujisifia.

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alibisha hodi mlangoni kwangu kijana mmoja na kikapu mkononi. Nilimtambua kwa paji la uso kabla hajajitaja. Ni mjukuu wa marehemu Bi Mwalimu. Alipokwisha kunisalimu kwa adabu, alitoa kikapuni furushi lililofungwa kwa leso kuukuu, akaliweka juu ya meza kwa mikono miwili.

"Ami," akaniambia, "haya ni makaratasi ya bibi. Mama asema ni Kurani iliyochakaa, na nyumba yataka kutengezwa. Twataka kuyachoma kwa heshima, kama inavyofanywa misahafu mibovu. Lakini nilionelea nikuonyeshe kwanza."

Nikafungua. Yalikuwa madaftari manne, kingo zake zimeliwa na mende, wino umegeuka rangi ya kahawa. Herufi zilikuwa za Kiarabu, hati nzuri, iliyonyooka. Nikasoma mstari wa kwanza, kisha wa pili, kisha nikanyamaza. Haikuwa Kurani. Kilikuwa Kiswahili.

MKEKANI KIBOKONI

Jina lake silitaji. Aila yake imeniomba hivyo, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kupenda kutajwa. Mtaani Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, hakuna aliyemwita kwa jina. Wakubwa walimwita Mwalimu, na sisi watoto tukimwita Bi Mwalimu. Hata mume wake, alipokuwa hai, nasikia alikuwa akimwita Mwalimu, kwanza kwa mzaha, halafu kwa mazoea.

Alizaliwa katika miaka ya vita vya kwanza vya Wazungu. Babake alikuwa msomi wa kadiri yake, akamfunza nyumbani, nyuma ya pazia, wakati alipokuwa akiwafunza wavulana ukumbini. Alikuwa akisikiliza, akishika, na pale mvulana alipokwama, sauti ndogo ilitoka nyuma ya pazia ikamsaidia. Babake hakumkemea. Mwaka 1930, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa Sahifa, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, mzee huyo alikuwa akimpa bintiye aisome kwa sauti. Ilipofuata al-Islah mwaka 1932, aliisoma hiyo nayo. Sheikh al-Amin, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na akafariki mwaka 1947, alisisitiza sana kwamba binti wa Kiislamu asinyimwe elimu. Bi Mwalimu alikuwa akituambia: "Maneno yale mimi niliyasoma kwa mdomo wangu mwenyewe, sikuhadithiwa."

Chuo chake kilianza bila ya kukusudiwa. Alifiwa na mume akiwa bado kijana, ana watoto watatu. Akakaa eda yake miezi minne na siku kumi, hatoki nje. Majirani waliokuja kumliwaza walikuja na watoto wao. Ili wasipige makelele katika nyumba ya msiba, akawaweka kitako akawafunza herufi. Eda ilipokwisha, wanawake wakavua huzuni, lakini watoto waliendelea kuja. Kutoka siku hiyo mlango wake haukufungwa kwa zaidi ya miaka arubaini.

Mimi nilitiwa chuoni katika miaka ya sabini, nina umri wa miaka sita. Asubuhi tulikwenda shule ya serikali, na jioni chuoni. Marehemu babangu alinishika mkono, akasema maneno yaliyokuwa ya ada wakati huo: "Mwalimu, nyama yako, mifupa yangu." Bi Mwalimu akacheka, akasema: "Nyama pia ipeleke kwako. Mimi niachie masikio."

Wazee wenzangu watakumbuka vile vilivyokuwa vyuo. Tulianza na alifu isiyokuwa na nukta, be yenye nukta moja chini, te yenye mbili juu. Mbao zetu zilipakwa chokaa, wino ulikuwa wa masizi, na kalamu ilikuwa ya utete uliochongwa. Tukishajua irabu tulisomeshwa Alhamdu, kisha tukapanda kutoka sura fupi za mwisho, tukipita Juzuu Amma, hadi siku ambayo mtu angefika Baqara na kukhitimu.

Yeye aliketi karibu na mlango wa uani, ungo mapajani, akichagua mchele. Sisi ishirini au thelathini tunasoma kwa pamoja, kila mmoja mahala pake, kelele kama soko la samaki. Naye hainui kichwa. Ghafla angesema: "Wewe, wa tatu kutoka dirishani, vuta hiyo madda." Na kweli ilikuwa ni wa tatu kutoka dirishani. Ufito alikuwa nao, umechomekwa kwenye boriti, lakini siku nilizouona ukishuka ni za kuhesabika kwa vidole.

Wasichana aliwafunza sawa na wavulana, na aliwafunza zaidi jambo moja: kuandika. Wakati wa utoto wake wako waliosema binti asome Kurani, lakini kalamu asishike, asije akaandikia barua wanaume. Yeye akijibu: "Mwana Kupona binti Mshamu alishika kalamu akamwandikia bintiye. Lau angenyimwa wino, sisi tungepata wapi utendi wake?" Naam, utendi ule uliandikwa mwaka 1858 kwa ajili ya Mwana Hashima, na hata leo haujafa.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kushikilia la kale kwa kuwa ni la kale. Shule ya serikali ya wasichana wa Kiislamu ilipofunguliwa Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wengi waliogopa kupeleka mabinti zao. Bintiye mwenyewe alipofikia umri, akampeleka, wakwe zake wakamnunia mwaka mzima. Aliwaambia: "Chuo ni msingi, shule ni dari. Nyumba yataka yote mawili."

"HAJUI KUSOMA"

Kiko kisa kimoja mtaa mzima ukikijua. Mwaka 1979, Serikali ilipoanza kampeni kubwa ya kisomo cha watu wazima, kile kilichoitwa ngumbaru, alipita karani mmoja nyumba kwa nyumba akiandika wasiojua kusoma. Alipofika kwa Bi Mwalimu akamwonyesha kitabu cha darasa la kwanza, kwa herufi za Kizungu.

"Bibi, wajua kusoma?"

"Hiki sikijui," akajibu.

Karani akaandika: hajui kusoma. Sisi watoto tuliokuwa mkekani tulistaajabu. Huyu ambaye mbele yetu alikuwa akisahihisha Kurani bila ya kutazama, huyu aliyekuwa akiwaandikia barua majirani waliokuwa na jamaa zao Lamu na Unguja, ameandikwa hajui kusoma! Mmoja wetu alitaka kumjibu karani, Bi Mwalimu akamtuliza kwa jicho. "Mwacheni, babangu," akasema, "aandike alionalo. Kalamu ni yake."

Lakini jambo lile lilimchoma. Jioni hiyo alimwita mjukuu wake wa kike aliyekuwa darasa la tatu, akamwambia: "Ndoo hapa. Leo wewe ndiwe mwalimu." Kwa muda wa miezi, kila baada ya Isha, bibi na mjukuu walikaa jikoni karibu na jiko la makaa, mtoto akishika kijiti na bibi akifuata. Na yule mtoto, kwa kuwa alifunzwa na mkali, alikuwa mkali. Alimgonga bibi yake vidole kwa kijiti kwa kuandika herufi nyuma mbele! Bi Mwalimu alikuwa akikisimulia kisa hicho huku machozi ya kicheko yakimtoka. Katika madaftari yale manne niliyoletewa, moja lina kurasa sita zilizojaa jina lake kwa herufi za Kizungu, safu baada ya safu. Safu ya kwanza inatetemeka kama mtu apandaye ngazi gizani. Ya mwisho imenyooka.

SIRI YA ALHAMISI

Sasa nifike pale pagumu.

Kila Alhamisi, kabla ya kufungwa chuo kwa ajili ya Ijumaa, ilikuwa ndiyo siku ya ada. Watoto walijipanga, kila mmoja akatia senti zake katika kopo lililokuwa kando ya mkeka. Hayakuwa mapesa mengi, lakini ilikuwa ni heshima ya mzazi, na kopo lile lilikuwa likilia. Mwenye kutia alisikika, na asiyetia alisikika pia kwa kimya chake.

Babangu alifariki nikiwa na umri wa miaka minane. Mama akabaki na sisi watano, akishona kofia. Na kutoka wakati huo kuliingia jambo ambalo sikulifahamu. Kila Alhamisi, karibu na saa ya ada, Bi Mwalimu aliniita: "Wewe, shika chupa, nenda dukani ukaniletee mafuta ya taa." Wiki nyengine ilikuwa chumvi. Nyengine ndimu. Nikirudi wenzangu wamekwisha kujipanga, wamekwisha kutoa, wanafunga juzuu zao.

Nilichukia. Moyoni nilisema: Kwa kuwa sina baba, amenifanya mtumishi wake. Mbona wenye baba zao hawatumwi? Wenzangu nao wakanipachika jina la Mafuta ya Taa. Sikumwambia mama, kwani angelia. Nilipofikia miaka kumi na mbili nikakhitimu, na nikashukuru si kwa sababu ya kukhitimu, bali kwa sababu sitatumwa tena. Nikatoka bila hata ya kumbusu mkono. Miaka ikapita, nikawa mtu wa kazi, nikipita mtaani kwake nampungia mkono kwa mbali. Yeye alikuwa akiniuliza: "Wasoma bado, mwanangu?" nami hujibu: "Nasoma, Bi Mwalimu," huku miguu yangu inakwenda.

Alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mwezi wa Rajabu. Niliwahi jeneza lake. Sitasahau vile lilivyopita mabegani kwa haraka, kila mmoja akitaka walau hatua saba: wavuvi, makarani, wachukuzi wa bandarini, mabwana wenye magari, wote ni watoto wa mkeka mmoja. Usiku ikasomwa khitima. Zikagawiwa juzuu 30, na kabla ya buni kumalizika vikombeni Kurani nzima ilikuwa imekwisha kusomwa, na kila aliyesoma alisoma kwa lahaja ya sauti yake yeye. Lau ungefumba macho ungedhani yumo chumbani. Nikasoma juzuu yangu, nikaenda zangu. Machozi hayakunitoka.

Turudi kwenye madaftari. Lile la zamani zaidi limeorodhesha wanafunzi, zaidi ya mia mbili kwa hesabu yangu. Mbele ya kila jina ameandika siku aliyoanza, sura aliyofikia, na neno moja au mawili juu ya mtoto mwenyewe. Nanukuu machache, bila ya majina: "Haoni mbali, akae mbele." "Sauti njema, ana haya. Asomeshwe peke yake kwanza." "Huyu akipigwa husahau. Asipigwe." "Huja na njaa. Apewe kabla ya kusoma, si baada."

Ukurasa mmoja una mstari usiohusu mwanafunzi wa watu: "Mjukuu wangu amekhitimu leo. Nimelia, hawakuniona."

Nikafungua ukurasa wa pili yake, nikaliona jina langu na la marehemu babangu. Chini yake pameandikwa: "Babake amekufa. Mamake hana. Asiulizwe ada. Alhamisi atumwe."

Alhamisi atumwe!

Kijana yule aliniuliza: "Ami, pana nini hapo?" Nilishindwa kumjibu. Nilimwomba maji. Miaka zaidi ya arubaini nimebeba kinyongo juu ya mtu aliyekuwa akinificha aibu. Yale mafuta hakuyahitaji. Alinitoa chumbani ili kopo lisilie kimya juu yangu, na hakuniambia, kwani lau angeniambia sitara ingepasuka. Hata nilipomnunia, alikubali kununiwa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufunza juu ya mtu atoaye sadaka mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Mimi hadithi hiyo nilifunzwa na Bi Mwalimu mwenyewe, mkekani pale, pengine siku ya Jumatano, na kesho yake akaitenda mbele ya macho yangu nisiione.

HERUFI HIZI ZISICHOMWE

Ndugu msomaji, lingekuwa ni jambo langu mimi peke yangu, nisingalilichukulia nafasi gazetini. Lakini tazama ilivyokuwa karibu. Makaratasi yale yalikuwa yachomwe, na walioazimia kuyachoma si wajinga wala si waovu. Ni wajukuu wake, wote wamesoma, wengine hadi chuo kikuu. Walitaka kuyachoma kwa heshima. Waliona herufi za Kiarabu, wakadhani ni Kurani, kwani hawakuwahi kuambiwa kwamba kwa herufi hizo hizo wazee wetu waliandika Kiswahili chao: barua, hesabu, wasia, tenzi na mashairi.

Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yangekuwa wapi kama Mwalimu Sikujua hangeyakusanya na kuyaandika kwa hati hiyo? Yakapitia mikononi mwa William Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa kitabuni. Katika miaka ya sitini J. W. T. Allen alizunguka pwani hii akitafuta miswada ya majumbani, na orodha ya iliyohifadhiwa katika chuo kikuu cha Dar es Salaam ikapigwa chapa mwaka 1970. Naye Sheikh Yahya Ali Omar, mwana wa Mombasa aliyefariki London mwaka 2008, alihimiza elimu ya hati hii isituponyoke. Lakini iliyofika vitabuni ni ile iliyoombwa. Iliyobaki ipo juu ya makabati yetu, pamoja na mende.

Sikatai kwamba hati hii ina tabu zake. Kiarabu kina irabu tatu, chetu kina tano, kwa hiyo e na i huandikwa sawa, na o na u hali kadhalika. Katika maandishi ya zamani be yaweza kuwa b, na yaweza kuwa p, na yaweza kuwa mb. Mtu akiandika "kuku," mwenziwe aweza kusoma "koko." Lakini mwenye lugha yake hapotei, kwani maana ndiyo inayomwongoza. Na watoto wetu hivi leo wanakwenda madrasa, na herufi wanazijua. Masomo machache tu ya Ijumaa yangewatosha wakasoma mkono wa bibi zao.

Basi nasihi yangu ni hii. Ukikuta makaratasi ya wazee, usiyachome wala usiyazamishe baharini kabla hujamwonyesha mtu ajuaye. Ikiwa ni Kurani, yatendee yanayostahiki. Ikiwa ni Kiswahili, yaweke mahala pakavu, uyapige picha kwa simu yako, umtafute wa kukusomea angali hai. Huenda humo mna deni lako usilolijua.

La kwangu nimelijua. Ijumaa iliyofuata nilikwenda makaburini na yule mjukuu. Nikasoma Yasini, na nilipomaliza nikakaa kidogo. Njiani kurudi nilipita dukani, nikanunua chupa ya mafuta ya taa, nikaipeleka nyumbani kwake. Binti yake, ambaye sasa naye ni bibi wa watu, akashangaa: "Twapikia gesi, kaka. Haya ya nini?" Nikamwambia: "Pokea tu, dada. Nilitumwa zamani."

Namalizia kwa beti hizi tatu, kama ilivyo ada yangu:

Mkekani ukumbini, aliketi akasoma,
Ungo wake mkononi, masikio yakipima,
Akatutia njiani, tusije kurudi nyuma,
Mwalimu tumkumbuke, kwa dua na kwa Fatiha.

Alhamisi atumwe, ndilo aliloandika,
Yatima asichekewe, na haya kumfunika,
Leo ndipo nielewe, na umri umefika,
Mwalimu tumkumbuke, kwa dua na kwa Fatiha.

Mola mpe nuru tele, kaburini na Peponi,
Nasi maandiko yale, tusiyatupe motoni,
Tuwafunze polepole, wana wetu majumbani,
Mwalimu tumkumbuke, kwa dua na kwa Fatiha.